Bunia: Diploma ya serikali iko mkononi, sasa mtoto aende chuo gani?

Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, mji wa Bunia unajulikana kwa mbali. Vijana wanapita kwenye barabara ya Libération wakiwa weupe kwa poda tangu nywele mpaka viatu, motari wanapiga honi bila sababu, na mama wanatoka kwenye parseli kuuliza ni mtoto wa nani aliyepata. Furaha hiyo ni ya haki. Kumaliza masomo ya sekondari katika jimbo la Ituri si jambo dogo: kuna waliojitayarisha kwa mtihani wakilala katika kambi za wakimbizi wa ndani, na kuna waliobadilisha shule mara mbili au tatu kwa sababu ya mapigano ya Djugu, Irumu au Mambasa.

Poda ikishaoshwa, mazungumzo ndani ya nyumba yanabadilika. Papa anataka sheria, mama anataka uuguzi, mjomba anayetuma feza kutoka Mongbwalu anasema achukue kitu kitakachomwezesha kufanya kazi haraka, na mtoto mwenyewe anataka kwenda mahali rafiki zake wanapokwenda. Halafu kuna mabango. Kila mwisho wa likizo kubwa vyuo vinapaka rangi upya, vinatundika vitambaa kwenye njia panda na kupitisha matangazo redioni. Kila kimoja kinasema ni bora. Familia inapaswa kuamua kwa majuma machache jambo litakaloila feza kwa miaka mitatu, au mitano.

Kwa mzazi aliyekua wakati ambapo kusoma masomo ya juu kulimaanisha kupanda lori kwenda Kisangani, wingi huu wenyewe ni jambo jipya.

Milango iliyopo

Chuo kikuu cha serikali ni Université de Bunia, UNIBU. Wengi wa umri wa kati bado wanakiita CUEB, jina la zamani, kwa sababu kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani na kilipata kujitegemea mwaka 2010. Ndipo wengi wanapoelekea kwa ajili ya sheria, uchumi au kilimo. Pembeni yake kuna shule za juu mbili za serikali ambazo kila familia inazijua: ISP, inayotayarisha walimu wa sekondari, na ISTM, inayotayarisha wauguzi na mafundi wengine wa afya.

Upande wa makanisa, Université Shalom de Bunia ndiyo yenye historia ndefu. Ilianza mwaka 1961 kama shule ya teolojia ya jumuiya za Kiprotestanti, ikajulikana kwa miaka mingi kama ISTB, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu chenye masomo mengine nje ya teolojia, yakiwemo usimamizi na maendeleo. Waanglikana nao wana Université Anglicane du Congo, ambayo nayo ilitoka kwenye shule ya teolojia, ile ISThA ya zamani. Na kuna ISTM Nyankunde, yenye jina linalokumbusha hospitali kubwa ya kiinjili iliyo kusini-magharibi mwa Bunia na mauaji ya Septemba 2002 yaliyowatawanya wagonjwa, wauguzi na wanafunzi wao. Mtu anayechagua Nyankunde leo, mara nyingi anachagua kumbukumbu hiyo pia: bibi yake alizalishiwa huko, au shangazi yake alijifunza uuguzi huko kabla ya vita.

Baada ya hivyo kuna vidogo. Vingine vina miaka na heshima, vingine vimepanga vyumba vitano juu ya duka na vinafundisha kuanzia saa kumi za jioni, watoto wa shule ya msingi wakishatoka. Si kila kidogo ni kibaya. Ila hapo ndipo mzazi anapaswa kufungua macho.

Arete iko wapi?

Swali la kwanza ambalo familia nyingi zinauliza ni bei. Swali lililopaswa kutangulia ni hili: je, karatasi ya chuo hiki inatambuliwa na Kinshasa?

Chuo cha kibinafsi hakifunguliwi kwa sababu mtu ana nyumba na maprofesa wawili. Kinahitaji arete ya waziri wa masomo ya juu inayokiruhusu kufanya kazi, na baadaye dekreti. Arete hiyo inataja mambo mengi, na mzazi anapaswa kusoma mawili. La kwanza ni fakulte zilizoruhusiwa: chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha usimamizi, kisha kikafungua uuguzi bila kuuliza mtu. La pili ni mahali. Kuna vyuo vya Kinshasa au vya miji mingine vinavyofungua matawi hapa na pale, na tawi la Bunia likawa halitajwi popote kwenye karatasi ya chuo mama. Mwanafunzi anasoma, anafaulu, anatetea kazi yake ya mwisho, anapigwa picha na toga. Halafu jina lake halipatikani kwenye orodha inayothibitishwa wizarani. Hapo ndipo anapojua kwamba miaka yake ilisomwa katika nyumba isiyo na namba.

Wizara imekuwa ikituma wachunguzi na kutoa orodha za vyuo vinavyostahili kuendelea na vile vinavyopaswa kufungwa. Kila orodha ikitoka, kuna wanafunzi wanaoamka asubuhi chuo chao kikiwa hakipo tena kwenye vitabu. Ni kweli pia kwamba orodha hizo zinabishaniwa, na kwamba chuo kilichofungwa mwaka mmoja kinaweza kurudi mwaka unaofuata kwa jina lingine. Ndiyo maana maneno ya sekretere peke yake hayatoshi. Mzazi ana haki ya kuomba kuona arete, na kuisoma palepale ofisini. Chuo kilicho na arete hakikasiriki kuombwa. Kinachokasirika kimeshajibu.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wazazi, nalo ni LMD. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, wizara iliamuru mfumo huo uingie katika vyuo vyote vya nchi. Zamani mtu alisoma miaka 3, akawa gradué, na kama feza iliruhusu aliongeza miaka 2 ya licence. Sasa licence yenyewe ni miaka 3, master miaka 2, doctorat miaka 3, na kila mwaka unahesabiwa kwa kredi 60. Papa aliyesoma gradua mwaka 1995 anapoambiwa kijana wake amepata licence kwa miaka mitatu, anafikiri amedanganywa. Hajadanganywa, lakini neno licence limebadilika uzito. Mwajiri aliyezoea licence ya miaka mitano bado anamtazama kijana huyo kwa jicho la kando, na kijana analazimika kufikiria master. Kwa hiyo, kabla ya kuingia mwaka wa kwanza, ni vizuri kuuliza kama chuo hicho kina ruhusa ya kutoa master katika tawi hilo, au kama baada ya miaka mitatu itabidi kuhamia kwingine.

Nani anafundisha?

Jengo zuri linaonekana kutoka barabarani, profesa haonekani. Pengine ndiyo sababu watu wanasifu majengo.

Vyuo vya Bunia, vya serikali na vya makanisa, vina tatizo moja: maprofesa wenye doctorat wanaoishi hapa ni wachache. Masomo mengi yanashikwa na maasistanti na wakuu wa kazi, na kwa yaliyobaki chuo kinaita profesa mgeni kutoka Kisangani, Kinshasa au kwingine. Anashuka kutoka kwenye ndege Murongo, anafundisha asubuhi mpaka jioni, na somo lililopangwa kwa saa 45 linaisha kwa juma moja. Wanafunzi wanabaki na sillabusi na kichwa kizito. Ndege ikikosa kuja, au mishahara ikichelewa, somo linasogezwa, na mwaka ulioanza mwezi wa kumi na moja unaweza kumalizika wakati wenzao wa chuo kingine wameshaanza mwaka unaofuata.

Hapa vyuo vya serikali na vya makanisa vinatofautiana kwa namna isiyoandikwa kwenye bango. Katika vya serikali, mgomo wa maprofesa unaoamuliwa Kinshasa unaweza kufunga madarasa ya Bunia hata kama hapa hakuna aliyegombana na mtu. Katika vya kibinafsi mgomo ni nadra, kwa sababu mwalimu analipwa na feza ya wanafunzi; lakini wanafunzi wakipungua, mwalimu anakwenda. Kuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni masomo mangapi alimaliza mwaka uliopita, na mangapi yalifundishwa na mtu aliyekuja kwa siku tano, kunaeleza chuo kuliko kitabu chote cha matangazo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanasema ukweli. Wameshalipa, hawana cha kuogopa.

Kwa wanaotaka uuguzi au maabara, swali ni staji: wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, wangapi kwa kitanda kimoja, na nani anawaongoza. Muuguzi aliyejifunza kuweka sindano ubaoni ni hatari kwa jirani yake. Ni lazima pia kutofautisha ngazi, maana matangazo yanazichanganya makusudi: muuguzi A2 anatoka katika shule ya sekondari ya utabibu, ITM, na A1 anatoka katika shule ya juu. Hawalipwi sawa na hawapewi kazi sawa.

Feza inavyoliwa

Minervali ndiyo bei inayotangazwa. Bei yenyewe ni kubwa zaidi. Kuna feza ya kuandikishwa, ya kadi, ya sillabusi, ya maabara, ya staji, ya kuandikishwa kwa mitihani, ya kumfuata mwongozaji wa kazi ya mwisho, ya kuichapa, ya kuitetea. Kuna moto ya kila siku kwa anayekaa mbali, na kuna chumba cha kupanga kwa aliyetoka Mahagi, Aru au Mambasa. Mara nyingi ada zinahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa franka, kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo franka ikishuka kati ya Novemba na Aprili, mzazi analipa zaidi ya alichokubali.

Familia za Bunia zinajua hesabu hiyo, hata kama haziandiki. Ndiyo sababu wengi hawachagui chuo bora, wanachagua chuo ambacho ofisi yake inakubali kulipwa kidogo kidogo. Kwa mama anayeuza samaki wa Kasenyi sokoni, tofauti kati ya kulipa kwa sehemu tatu na kulipa kwa sehemu sita inaweza kuamua kama mtoto atasoma au hatasoma. Lakini kuna mtego. Chuo kinachokubali sehemu sita wakati wa kuandikisha kinaweza kumfukuza mwanafunzi kwenye mlango wa chumba cha mtihani mwezi wa saba, kwa sababu sehemu ya sita haijafika. Ratiba ya malipo inapaswa kuandikwa na kupigwa mhuri. Ahadi ya mdomo inasahauliwa mara tu ofisi inapobadilisha msimamizi wa feza.

Na pale feza inapotosha mtoto mmoja tu, bado katika nyumba nyingi ni mvulana anayepelekwa. Msichana anaambiwa asubiri mwaka mmoja, na katika mwaka huo anaolewa. Akipata nafasi, anapewa chuo kilicho karibu na nyumbani, hata kama anachotaka kusoma hakifundishwi hapo. Wazazi wanaeleza kwamba ni kwa usalama wake, na kwa Bunia si uongo mtupu. Kutoka darasani saa moja za usiku katika mji wenye watu wengi wenye silaha kunatisha. Lakini kaka yake anayetembea njia ile ile hapewi sababu hiyo.

Njia za kutoka Bunia

Je, wale wenye uwezo wa kumtoa mtoto nje ya mji? Miaka michache iliyopita wangekuwa na njia nne. Leo kila moja ina miiba.

Kisangani bado ina jina. UNIKIS ilianzishwa mwaka 1963, na kwa udaktari familia nyingi za Ituri zinaitaja kwanza. Ila kutoka Bunia kwa barabara ni karibu kilomita 700 kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia, katika msitu ambamo waasi wa ADF wameua na kuteka watu mara nyingi. Komanda yenyewe ilishambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, na zaidi ya waumini 40 waliuawa wakiwa katika mkesha wa kanisa. Baada ya usiku kama huo, mzazi anayetaka mtoto wake aende Kisangani anazungumza juu ya tiketi ya ndege, si ya basi.

Butembo ina Université Catholique du Graben, iliyofunguliwa mwaka 1989 na yenye fakulte ya udaktari inayoheshimiwa. Njia yake ni ile ile mpaka Komanda, kisha kusini kupitia Luna, Eringeti, Oicha na Beni. Kwa vipindi virefu magari yamelazimika kwenda kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi, na hata msafara umeshawahi kushambuliwa. Mwanafunzi anakwenda Oktoba na anarudi Agosti, bila kuona mama yake katikati.

Goma ilikuwa njia ya watoto wa wafanyabiashara. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji huo uko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu ilifuata mwezi Februari. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege pia. Mzazi aliyezoea kutuma minervali kwa benki alilazimika kutafuta njia za pembeni, na swali lililo juu ya yote ni nani atakayetia sahihi kwenye karatasi za mwaka huu ili Kinshasa izipokee kesho.

Inabaki Uganda. Kwa watu wa Mahagi na Aru, Arua iko karibu kuliko Bunia. Kwa wa Bunia kuna mashua kutoka Kasenyi kuvuka ziwa Albert mpaka Ntoroko. Kampala inavuta: kuna Makerere, yenye zaidi ya miaka mia moja, kuna vyuo vya kibinafsi vingi, na kuna Kiingereza, ambacho vijana wanakihesabu kama diploma ya pili. Wanachosahau ni karatasi. Diploma yetu ya serikali lazima ilinganishwe na ya Uganda kabla chuo hakijamwandikisha mtu, na hilo linachukua muda na feza. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa maisha yake yote anahitaji miezi ya kujifunza lugha kabla hajaelewa mwalimu. Halafu, akirudi na digrii ya Uganda na kutaka kazi ya serikali, anaanza safari nyingine: kuomba ulinganifu wa diploma Kinshasa. Wapo waliofanya yote haya na wakafaulu vizuri sana. Wapo pia waliorudi baada ya mwaka mmoja na Kiingereza cha sokoni.

Kazi ambayo kila mtu anaitazama

Mtu akikaa mlangoni mwa chuo chochote cha Bunia na kuuliza wanafunzi kwa nini walichagua tawi lao, neno moja litarudi bila kukoma: ONG. Tangu mwaka 2003, vita vya Ituri vilipoleta MONUC na mashirika ya misaada, ajira nzuri katika mji huu zilikuwa na magari meupe na kadi shingoni. Kizazi kizima kilichagua maendeleo, usimamizi, afya ya jamii na saikolojia kwa kuwaangalia kaka na dada waliopata kazi huko. Vyuo navyo viliona, vikafungua matawi hayo.

Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, na mashirika mengi yaliyotegemea mfuko huo yalipunguza au kusimamisha kazi mashariki mwa Kongo. Magari meupe yamepungua, lakini mabango ya vyuo hayakubadilika. Kwa maoni yetu hili ndilo linalostahili kuzungumzwa mezani kabla ya lingine lolote: kazi ambayo mtoto anaisomea ilikuwepo mwaka gani?

Ualimu na uuguzi vinaonekana salama zaidi, maana watoto na wagonjwa hawataisha. Ila hapo pia kuna foleni. Mwalimu anayetoka ISP anaweza kupata darasa mwezi huo huo na kukaa miaka bila mshahara wa serikali, akiwa miongoni mwa wale wanaoitwa N.U., majina mapya yasiyoingia kwenye orodha ya malipo. Muuguzi anaweza kufanya kazi katika kituo cha afya akilipwa na kile kilichobaki kwenye kasha mwisho wa mwezi. Anayechagua njia hizi anapaswa kujua hilo mapema, ili asiione kama bahati mbaya yake peke yake.

Kilimo, ambacho ardhi ya Ituri inakiomba kwa sauti, hakipendwi. Wazazi waliokimbia mashamba yao Djugu hawataki kusikia mtoto amekwenda chuo ili arudi kwenye jembe. Hata hivyo, kahawa na kakao zinatoka katika jimbo hili zikielekea Uganda, na soko la Bunia linakula kila siku maharagwe, mihogo na maziwa yanayohitaji mtu anayejua magonjwa, mbegu na uhifadhi. Vijana wachache waliosoma agronomia na kufungua bustani za mboga au mabanda ya kuku pembezoni mwa mji hawapitishi matangazo redioni, kwa hiyo hakuna anayewaiga.

Anayetaka kubadilisha

Wengine wanagundua mwezi wa pili kwamba walikosea. Kijana wa biokemia amejikuta katika sheria kwa sababu papa aliamua. Msichana wa ualimu amejikuta katika usimamizi kwa sababu rafiki yake yuko hapo. LMD ina faida moja kwao: kredi walizokwisha kupata zinaweza kuhesabiwa kwingine, ikiwa tawi ni jirani na chuo kipya kinakubali. Kinachohitajika ni karatasi ya alama yenye mhuri na sahihi, ya kila mwaka uliosomwa. Wengi hawaichukui kwa sababu hawajamaliza kulipa, au kwa sababu wanafikiri wataichukua siku ya mwisho pamoja na diploma.

Siku ya mwisho yenyewe inaweza kuchelewa. Diploma zinazotoka Kinshasa zinachukua muda mrefu, wakati mwingine miaka, na mtu anaanza kazi akiwa na atestasio peke yake. Kwa familia ya Ituri, ambayo imejifunza kukimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani, karatasi hizo zinastahili mahali pake: nakala moja ndani ya nyumba, nyingine kwa ndugu aliye katika mji mwingine, na picha iliyo wazi katika simu mbili tofauti. Nakala za diploma ya serikali, bulteni za miaka miwili ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa na kila risiti ya minervali ziwekwe pamoja. Ofisi za kuandikisha zinaziomba zote, na mara nyingi zinaziomba mara mbili.